Kuku wa Mkata: Habari za Kideri na Elimu ya Uani katika Uluguru

Waswahili husema kwamba kuku wa mkata hatagi, na akitaga haangui, na akiangua halei, na akilea huchukuliwa na mwewe. Mithali hii ni nzuri kwa ufupi wake na kali kwa ukweli wake, lakini ina upungufu mmoja. Yauweka msiba wa kuku wa maskini mikononi mwa bahati, kana kwamba ukata wenyewe ndio ugonjwa, na mwewe ndiye adui wa mwisho. Wanawake wa milima ya Uluguru, waliofuga kuku kizazi baada ya kizazi, walimjua adui mwingine aliye mbaya kuliko mwewe. Mwewe humnyakua kifaranga mmoja na kwenda zake. Lakini kideri, ambacho wengine hukiita mdondo, huingia uani kimya kimya, na kabla ya juma kwisha huliacha banda tupu. Jinsi adui huyo alivyotambuliwa, jinsi alivyopigwa vita kwa dawa za mitishamba, na jinsi alivyokuja kuzuiwa kwa tone moja la chanjo, ni habari inayostahili kuandikwa. Ndani yake limo swali lililo kubwa kuliko kuku: elimu ya nani huhesabiwa kuwa elimu, na dawa ya nani hufika mlimani.

Mji wa Morogoro umekaa chini ya milima hiyo, katika kimo cha mita 500 hivi juu ya usawa wa bahari, na vilele vya Uluguru hupita mita 2,600. Kati ya mji na vilele hivyo zimo njia nyembamba zipitazo katika migomba, mihogo, mahindi na bustani za mboga, na vijito viletavyo maji katika mto Ruvu. Waluguru huhesabu ukoo kwa upande wa mama, na kwa desturi ardhi ilishuka kwa njia hiyo hiyo. Ng'ombe hawakuwa mali kubwa ya watu hao kama walivyokuwa kwa Wagogo au Wamasai. Mabonde ya chini yalikuwa na mbung'o, na miteremko ya juu ilikuwa na mashamba yaliyobanana. Mnyama wa nyumbani aliyeonekana karibu kila ua, tangu Kinole na Matombo mpaka Mgeta, alikuwa kuku.

Kuku huyo alikuwa na kazi nyingi. Mgeni akifika, yeye ndiye heshima ya mgeni. Mtoto akiugua, yeye ndiye nauli ya kwenda hospitali na thamani ya dawa. Shule zikifunguliwa, tetea wawili huwa daftari, na jogoo mmoja huwa sare. Tena, jambo la kukumbukwa zaidi ni kwamba aghalabu alikuwa mali ya mwanamke. Mazao ya shamba yakiuzwa, fedha zilikuwa na wasemaji wengi. Lakini mayai na kuku mama wa nyumba aliweza kuyaamulia mwenyewe, bila ya kuitisha baraza. Kwa hiyo kuku mgonjwa hakuwa msiba mdogo. Alikuwa ni akiba ya mwanamke iliyoanza kuteketea mbele ya macho yake.

Basi macho hayo yalijifunza kuona. Mama afunguapo banda alfajiri, au aondoapo ubao uliofunika pembe ya jiko walikolala kuku, hutazama nani atokaye mbio na nani abakiye nyuma. Kuku mzima hutoka kwa pupa, hutikisa mbawa, huparura ardhi kabla ya mtama kumwagwa. Kuku mgonjwa husimama peke yake, manyoya yamesimama, shingo imezama kifuani, macho yamefumba nusu kama ya mtu asinziaye barazani. Lakini mwenye uzoefu hasemi mara moja kuwa huyo ni mgonjwa. Yuko koo atakaye kuatamia, naye pia hujivimbisha, hugoma kutoka na hupunguza kula. Akiguswa hulia kwa hasira na kuudonoa mkono. Mgonjwa akiguswa huacha aguswe. Tofauti ya hasira na unyonge ndiyo iliyokuwa hatua ya kwanza ya uaguzi.

Hatua ya pili ilikuwa kumshika na kumtazama mwili mzima. Undu, yaani ule upanga wa nyama juu ya kichwa, ukiwa mwekundu ni dalili ya damu njema. Ukiwa umepauka huenda ana minyoo, au chawa na utitiri wamemnyonya. Ukiwa na vidutu vigumu vilivyoenea hata kwenye kope, hiyo ni ndui ya kuku, ambayo mbu ni mmoja wa waenezao. Uso ukivimba na pua ikatoa kamasi zenye harufu mbaya, hayo ni mafua. Gole likipapaswa asubuhi hali limejaa na ni gumu, chakula kimekwama. Kifua kikiwa chembamba kama kisu, ugonjwa si wa jana. Kisha hutazamwa kinyesi, maana kinyesi cha kuku ni barua iliyoandikwa waziwazi kwa ajusomaye. Vifaranga wakihara damu, banda lina unyevu na wadudu wa matumbo wamezaana humo. Kuku wakubwa wakihara maji ya manjano na undu ukafifia, na kufa kukawa kwa mmoja mmoja siku baada ya siku, huenda ikawa homa ya matumbo. Lakini kuharisha kukiwa kwa kijani, kuku wakihema mdomo wazi, mbawa zikilegea, na baada ya siku chache mmoja akipinda shingo nyuma au akizunguka mahali pamoja kama aliyelewa, na wengi wakaugua kwa pamoja, wadogo kwa wakubwa, hapo jina moja hutajwa, na jina hilo ni kideri.

Wasomi wa baadaye, wakiwa na darubini na mayai ya maabara, waliziandika dalili hizo hizo katika vitabu vyao, wakaongeza zile zionekanazo ndani ya mwili: madoa ya damu katika tumbo dogo lililo mbele ya firigisi, na katika sehemu za utumbo. Lakini hata hayo hayakuwa siri kamili kwa watu wa uani. Kuku aliyeonekana kuelekea kufa alichinjwa upesi, na kisu cha jikoni kilifunua yale ambayo kisu cha daktari hufunua. Upungufu wa elimu ya uani haukuwa katika kuutambua ugonjwa. Ulikuwa katika mambo mawili: kutojua kisababishi chake, na kukosa dawa ya kuuzuia.

Kisababishi hicho hakikujulikana hata na wakubwa wa dunia mpaka katika karne ya 20. Mwaka 1926 maradhi mapya ya kuku yaliandikwa katika kisiwa cha Java, na mwaka huo huo yakaonekana karibu na mji wa Newcastle upon Tyne katika Uingereza. Mchunguzi aliyeitwa Doyle aliyapa jina la mji huo, si kwa sababu yalizaliwa hapo, bali kwa sababu hapo ndipo alipoyakuta. Ilitambulikana kwamba kijidudu chake ni virusi, ndogo hata hazionekani kwa darubini ya kawaida. Katika Afrika ya Mashariki ugonjwa huo ulitambuliwa na wataalamu mjini Mombasa mwaka 1935. Si ajabu kwamba ulionekana kwanza bandarini. Meli zilisafiri na kuku hai kwa chakula cha mabaharia, na kuku asafiripo, kinyesi chake, manyoya yake na matenga yake husafiri pamoja naye.

Serikali ya kikoloni katika Tanganyika ilikuwa na idara ya mifugo, na maabara ya Mpwapwa, iliyoanza tangu wakati wa Wajerumani, ilifanya kazi ya kusifiwa juu ya maradhi ya ng'ombe. Sotoka ilikuwa imeyafagia makundi ya Afrika ya Mashariki katika miaka ya 1890, na hofu yake haikusahauliwa. Basi daktari wa mifugo alikwenda kwenye ng'ombe, maana ng'ombe walihesabiwa, walitozwa ushuru mnadani, na ngozi zao zilipelekwa ng'ambo. Kuku wa mwanamke wa Uluguru hakuhesabiwa na mtu, hakuonekana katika mnada, wala hakuwa na ngozi ya kupakiwa melini. Jambo lisiloandikwa daftarini ni rahisi kudhaniwa halipo.

Hata pale serikali hiyo ilipopanda mlimani kwa nguvu, haikupanda kwa ajili ya kuku. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 ulianzishwa mpango wa kuhifadhi ardhi ya Uluguru, na watu wakalazimishwa kuchimba matuta katika miteremko yao. Kazi ilikuwa nzito, faida yake haikuonekana, na mahali pengine udongo mbaya wa chini uliletwa juu na mavuno yakapungua. Mwaka 1955 uvumilivu ulikwisha, ghasia zikazuka, na mpango ukaachwa. Habari hiyo yahusu udongo, nayo haihusu maradhi. Lakini yafaa ikumbukwe hapa kwa sababu ya fundisho lake. Watu wa Uluguru hawakuikataa elimu. Walikatazwa kuuliza, nao wakaikataa amri. Yeyote ambaye angetaka kupeleka jambo jipya katika milima hiyo baada ya hapo, angelazimika kwanza kulithibitisha mbele ya macho ya mwenye shamba na mwenye kuku.

Katika miaka hiyo yote mwanamke wa mlimani hakukaa mikono mitupu. Alijaribu alivyonavyo. Pilipili kichaa ilitwangwa na kutiwa katika maji ya kunywa. Shubiri mwitu ilikatwa, majani yake yakapondwa na kulowekwa mpaka maji yakawa machungu. Limau lilikamuliwa, mwarobaini ulichemshwa, majivu yalinyunyizwa bandani kuwafukuza wadudu. Baadhi ya mambo hayo yalikuwa na maana dhahiri, kwani kuku aogaye katika majivu hupungukiwa na utitiri. Mengine yalikuwa ni tumaini tu. Na palipokuwa na tumaini palikuwa na hoja: kuku wangu mmoja alikunywa pilipili na akapona. Hoja hiyo ni ya kale katika utabibu wote, wa kuku na wa watu. Aliyepona husimama akatoa ushahidi. Waliokufa hawana ulimi wa kukanusha.

Chini ya milima hiyo hiyo, katika viunga vya mji wa Morogoro, kilifunguliwa chuo cha kilimo mwaka 1965. Mwaka 1970, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipoanza kusimama peke yake, chuo hicho kikawa kitivo chake cha kilimo. Mwaka 1976 yakaanza mafunzo ya udaktari wa mifugo. Tarehe 1 Julai 1984 kitivo kikawa Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, kwa kumbukumbu ya Waziri Mkuu Edward Moringe Sokoine, aliyekufa katika ajali ya motokaa mwezi wa Aprili mwaka huo katika mkoa huo huo wa Morogoro. Basi kwa mara ya kwanza mlima na maabara vilitazamana. Msomi akiinua macho kutoka mezani kwake aliiona Uluguru. Na mwanamke akishuka na tenga la kuku kwenda sokoni, mji wa wasomi ulikuwa mbele yake. Lakini kutazamana si kuzungumza, na miaka kadhaa ilipita kabla ya mazungumzo kuanza.

Yalipoanza, yalikuwa na adabu ambayo si kila elimu huwa nayo. Mwaka 1989 Uswege Minga na wenzake wa chuo hicho waliuandikia mkutano wa madaktari wa mifugo wa Tanzania juu ya uwezo na matatizo ya ufugaji wa kuku wa kienyeji, jambo ambalo wengi walikuwa hawajaliona kuwa shughuli ya kitaalamu. Kisha wataalamu wa Morogoro wakafanya tendo la haki zaidi: walizichukua dawa za uani wakazipima. Hawakuzicheka, wala hawakuzisifu kabla ya kuzijua. M. M. A. Mtambo na wenzake, katika maandishi yaliyotolewa mwaka 1999, walijaribu mchanganyiko wa pilipili kichaa, limau na mpungate kwa kuku waliotiwa virusi vya kideri. Dawa hiyo haikuonyesha kuwa yaweza kuwaokoa. Mwaka 2002 R. K. Waihenya, pamoja na Mtambo na Minga, walitoa matokeo ya majaribio ya shubiri mwitu. Hapo palikuwa na dalili za msaada: kuku walionyweshwa kabla ya kuambukizwa walikufa kwa uchache kuliko wale ambao hawakunyweshwa. Msaada huo haukutosha kuitwa kinga, lakini ulitosha kuonyesha kwamba bibi aliyeponda majani ya shubiri hakuwa akicheza.

Hukumu hiyo ilikuwa ngumu kwa pande zote mbili. Kwa mwenye pilipili, ilisema kwamba kuku aliyepona alipona kwa nguvu zake mwenyewe. Kwa msomi, ilimwacha na swali zito: kama pilipili si dawa, dawa ni ipi? Kwa kuku ambaye kideri kimekwisha kumshika, jibu la kweli ni kwamba hapana dawa. Vidonge na unga viuavyo bakteria, viuzwavyo madukani kwa bei isiyo ndogo, haviui virusi. Vyaweza kusaidia pale maradhi mengine yajapo juu ya lile la kwanza, wala haviwezi zaidi ya hapo. Na mwenye kuvitumia ovyo hupoteza fedha zake, huacha mabaki ya dawa katika mayai na nyama, na huwazoeza bakteria kuishinda dawa. Njia iliyobaki ilikuwa moja, nayo ni kuzuia kabla.

Chanjo ya kideri ilikuwako zamani. Wafugaji wa kuku wa kisasa mijini waliitumia. Lakini ilitaka barafu tangu kiwandani mpaka kinywani mwa kuku, na ilifungwa katika chupa za dozi mamia au elfu moja kwa mkupuo. Mama mwenye kuku 12 katika mteremko usio na umeme angeifanyia nini chupa ya dozi 1,000 itakayoharibika kabla ya jua kuwa utosini? Dawa ilikuwapo, lakini haikuwa na miguu ya kupanda mlima. Hapa pana jambo ambalo wanahistoria wa elimu hulisahau mara nyingi: uvumbuzi haumaliziki maabara. Humalizika pale mtu wa mwisho anayeuhitaji anapoweza kuushika mkononi.

Miguu hiyo ilipatikana mbali. Peter Spradbrow wa University of Queensland katika Australia alishughulika tangu miaka ya 1980 na aina za virusi vya kideri zisizodhuru kuku, akichagua zile zilizovumilia joto. Kazi ya kwanza ilijaribiwa katika nchi za Asia ya Kusini-Mashariki. Baadaye ikapatikana mbegu ya chanjo iliyoitwa I-2, nayo ikatolewa bila ya malipo kwa nchi zilizotaka kuitengeneza zenyewe. Tanzania ilikuwa miongoni mwao. Philemon Wambura wa Morogoro, pamoja na Kapaga na Hyera wa maabara ya mifugo ya Temeke, Dar es Salaam, waliijaribu kwa kuku wa kisasa na kuku wa vijijini, na matokeo yao yakachapishwa mwaka 2000. Chanjo ilikinga. Kati ya mwaka 2002 na 2005 mpango uliosaidiwa na serikali ya Australia ukaieneza kazi hiyo katika Malawi, Msumbiji na Tanzania. Maabara ya Temeke iliendelea kuitengeneza, na tangu mwaka 2012 imo chini ya Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania.

Chanjo hiyo haikuondoa haja ya ubaridi wote, kwani dawa yoyote iliyo hai hupendelea mahali pa baridi. Lakini iliweza kustahimili safari. Chupa yake huviringishwa katika kitambaa kilicholoweshwa maji, ikawekwa ndani ya kikapu kivulini, na maji yakaukapo katika kitambaa huipoza, kwa kanuni ile ile ipozayo mtungi wa udongo. Kila mama wa Uluguru aliijua kanuni hiyo kabla ya kuambiwa. Kila kuku, awe jogoo wa kilo mbili au kifaranga wa juzi, hupewa tone moja tu katika jicho moja. Kazi hufanywa alfajiri kabla ya banda kufunguliwa, au jioni wakisha kuingia, na kurudiwa kila baada ya miezi minne. Hapana sindano, wala haitakiwi shahada. Kinachotakiwa ni mkono mtulivu wa kumshika kuku bila ya kumtia hofu, na mkono huo ulikuwa tayari uani. Ndiyo sababu katika vijiji vingi vya Tanzania wanawake wenyewe walifundishwa kuwa wachanjaji, nao wakatoka nyumba hata nyumba.

Mambo hayakwenda sawa mahali pote. Chanjo huhitaji wiki moja mpaka mbili kabla ya kinga kukomaa. Na ikiletwa katika kijiji ambacho ugonjwa umekwisha kuingia, kuku waliochanjwa jana hufa kesho, na chanjo husingiziwa mauti. Mwenye kushuhudia hivyo mara moja huhitaji miaka kusahau. Tena kuku wa kienyeji hawajui mipaka. Wa jirani asiyechanja hula pamoja na wa jirani aliyechanja, na vifaranga waliozaliwa baada ya duru moja hawana kinga mpaka duru ifuatayo. Kwa sababu hiyo chanjo ya kuku ni jambo la kijiji kuliko la nyumba. Hapo fundisho la mwaka 1955 lilijirudia kwa sura njema. Kijiji hakishurutishwi kuchanja. Hushawishiwa na mabanda yaliyobaki na kuku baada ya kiangazi, msimu ambao kideri kimezoea kupiga.

Liko jambo jingine ambalo chanjo haiwezi kulitibu, nalo ni la dhamiri. Kideri kinapoanza, mwenye kuku huwa na njia tatu. Aweza kuwauza upesi walio wazima bado kwa sura. Aweza kuwachinja na kuwala. Aweza kuwatenga, na wafapo kuwafukia katika shimo refu au kuwachoma moto. Njia ya tatu ndiyo sahihi, na ndiyo ya hasara. Njia ya kwanza humwokolea fedha, lakini tenga lishukalo Morogoro na kuku wenye virusi hupanda tena kesho na ugonjwa katika kijiji kingine, kwa baisikeli, kwa pikipiki, au juu ya gari. Manyoya na matumbo yatupwayo nyuma ya jiko hufanya vivyo hivyo kwa ua wa jirani. Ni rahisi kwa mtu mwenye mshahara kumlaumu mama auzaye kuku mgonjwa. Lakini ampimaye kwa haki lazima akumbuke kwamba shimo la kumzikia kuku ni shimo la kuzikia daftari, chumvi na dawa ya mtoto, wala hakuna amfidiaye. Maadili ya maskini hugharimu kuliko maadili ya tajiri, nayo yakitekelezwa yastahili heshima kubwa zaidi. Chanjo, kwa upande huu, ni rehema: humwondolea mama uchaguzi ambao hakupaswa kuwekwa mbele yake.

Kwa huyo kuku mmoja aliye mgonjwa leo, elimu ya uani na elimu ya chuo zimekwisha kukubaliana. Atengwe na wenzake mara moja, katika tenga lake, mahali pakavu pasipo na upepo. Apewe maji safi na chakula laini. Atazamwe undu, macho, pua, gole, kifua na kinyesi, na ijulikane kama ni peke yake au ni mwanzo wa wengi. Mwenye kumhudumia awahudumie wazima kwanza na mgonjwa mwisho, kisha anawe mikono kwa sabuni, kwani virusi vya kideri vyaweza kuyatia macho ya mtu wekundu na maumivu kwa siku chache. Aliye na chawa apakwe dawa ya chawa. Aliye na minyoo apewe dawa ya minyoo. Na wakifa wawili watatu kwa pamoja, bwana mifugo aitwe na mzoga upelekwe ukachunguzwe. Kuku mgeni aliyenunuliwa au kupewa asichanganywe na wenyeji mpaka zipite wiki mbili. Hapana hata moja katika hayo ambalo bibi wa Kinole angeliona ni geni, ila sababu yake.

Mazungumzo kati ya mlima na maabara hayakukoma hapo. Wataalamu wa Sokoine waliwachunguza kuku wa kienyeji kwa makabila yao: kuchi mrefu mpiganaji, ching'wekwe mwenye miguu mifupi anayejulikana Morogoro, na wengineo. Katika miaka ya 2010, kwa ushirikiano na wasomi wa University of California, Davis, walichunguza katika damu na nasaba ni kuku gani huistahimili kideri kuliko wenzao. Swali hilo nalo ni la kale uani. Mama aliyebakiwa na tetea mmoja baada ya kideri hakumchinja huyo. Alimwachia atage, akisema kwamba ana damu ngumu. Alikuwa akichagua mbegu, ingawa hakuna aliyeliita tendo lake kwa jina hilo.

Kuku wa mkata, basi, hutaga. Na akitaga huangua. Na akiangua hulea. Kilichomzuia muda mrefu hakikuwa nyota yake wala ya mwenyewe. Kilikuwa ni virusi visivyoonekana, na elimu iliyochelewa kupanda mlima kwa sababu ilidhani kwamba juu ya mlima hapana kitu cha kuhesabu. Mwewe angalipo, naye ataendelea kuchukua fungu lake. Lakini jioni, katika nyumba iliyo juu ya Morogoro, mama amshikaye kuku chini ya kwapa, akamfungua jicho kwa kidole gumba na kuangusha tone moja, amekwisha kuisahihisha mithali kwa nusu. Na nusu iliyobaki, mwewe na apewe.